Titani si Jitu, ni Mtu wa Ukoo

Jumamosi jioni nilikaa kibanda umiza kutazama filamu ya zamani kidogo, Clash of the Titans, ile ya 2010 ambamo Sam Worthington ndiye stelingi. Ilikuwa imetafsiriwa, na mtafsiri alikuwa na sauti nzuri na pumzi ya kutosha. Tatizo ni kwamba kila dubwana lililotokeza aliliita titani. Nge wakubwa wa jangwani: matitani hao! Medusa: titani mwanamke. Kraken alipochomoza baharini ndiyo kabisa, "baba wa matitani". Nikavumilia. Tulipotoka, vijana wawili wakawa wanabishana kuhusu beki wa timu yao, mmoja akasema, "Yule si beki, yule titani." Hapo nikaona niandike.

Kwa kifupi: katika hadithi za kale za Kigiriki, Watitani ni watoto 12 wa Uranos, yaani Mbingu, na Gaia, yaani Ardhi. Sita wa kiume, sita wa kike. Ni kizazi cha miungu kilichotawala kabla ya Zeus, mfalme wa miungu, na ndugu zake kukipindua, na baadhi ya watoto wao, kama Prometheus na Atlas, nao huitwa jina hilohilo. Basi. Humo hamna kipimo cha urefu wala uzito.

Sasa tuje kwenye ngeli, maana makosa yanaanzia hapo. Sisi tuna neno jitu, na kila Mswahili anajua limetoka wapi: mtu ukimpachika ji- ya ukubwa anakuwa jitu, na wingi wake majitu. Anayesema "matitani" ameshalitia neno kwenye kapu hilo bila kujua. Lakini Titani ni jina la ukoo, na watu wa ukoo tunawaweka kwenye m- na wa-: Mngoni, Wangoni, Mshirazi, Washirazi. Kwa hiyo Mtitani, Watitani. Mtu hawi Mngoni kwa kurefuka. Anazaliwa.

Ushahidi mzuri zaidi ni ndugu zao. Uranos na Gaia walizaa pia Saiklopi watatu wenye jicho moja, na wengine watatu wenye mikono 100 na vichwa 50 kila mmoja: Kottos, Briareos na Gyges. Hao ndio madubwana ya kweli, wa tumbo moja na Watitani, lakini katika hesabu ya ukoo hakuna anayewaita Watitani. Na vita vilipokuja, wenye mikono 100 walipigana upande wa Zeus! Wao ndio waliowafunika Watitani kwa mvua ya mawe.

Jina lenyewe lina kisa. Mshairi Hesiod, katika Theogonia ya mnamo 700 KK, anasema lilianza kama tusi la baba. Uranos alikuwa akiwachukia watoto wake, akiwabana ndani ya tumbo la mama yao wasitoke. Gaia akatengeneza mundu, na Kronos, kitinda mimba, ndiye aliyethubutu: akamkata baba yake uume. Uranos akawaita Watitani, akicheza na maneno mawili ya Kigiriki: titaino, kunyoosha au kujivuta kwa nguvu, na tisis, malipo ya kisasi. Yaani walinyoosha mkono kutenda ovu, na malipo yatawafuata. Wanaisimu wa leo huuona huo kuwa mchezo wa maneno tu, si asili halisi ya neno. Lakini ndivyo Hesiod alivyotaka lisikike, na sikio la Kiswahili linaelewa haraka kuliko mengine: ni watoto waliokosa radhi. Malipo yakaja kweli, Kronos akapinduliwa na mwanawe mwenyewe.

Hapo ndipo filamu zinapoteza utamu wote. Vita vya miaka 10 kati ya mlima Othrys na mlima Olympos vilikuwa ugomvi wa nyumba moja. Zeus ni mtoto wa Watitani wawili, Kronos na Rhea, ambao ni ndugu. Themis, mwenye mizani ya haki, ni Mtitani. Kwa Zeus ni shangazi na mama mdogo kwa mpigo mmoja, na baadaye akamwoa. Mnemosyne, Kumbukumbu, ni Mtitani pia, naye akamzalia Zeus wale mabinti tisa wa sanaa, Muza. Wapi dubwana hapo?

Majitu yapo, ila ni habari nyingine. Wagiriki waliyaita Gigantes. Yalizaliwa na Ardhi pale matone ya damu ya Uranos yalipoiangukia, na vita vyake na miungu vilikuja baadaye, vikahitaji mwanadamu, Herakles, ili yafe. Vile vinavyoonekana kwenye madhabahu ya kale ya Kigiriki ya Pergamon iliyoko Berlin ni vita hivi vya pili. Hata Wagiriki wenyewe wakati mwingine walichanganya vita hivi viwili, kwa hiyo simlaumu sana mtafsiri wangu.

Wa kulaumiwa wako mbali naye. Filamu ya kwanza ya jina hilo, ya 1981, ile ya vinyago vya Ray Harryhausen, ndiyo iliyomtangaza Kraken kuwa Mtitani wa mwisho. Kraken! Huyo ni nyama wa bahari ya Norwe, aliyeandikwa na askofu Pontoppidan wa Bergen katika karne ya 18. Aliyetumwa kumla Andromeda katika hadithi ya Kigiriki anaitwa Ketos, na Andromeda mwenyewe alikuwa binti mfalme wa Aithiopia, nchi ya watu weusi kusini mwa Misri. Hilo nalo filamu zimelipitia mbali. Immortals ya 2011 iliwafanya Watitani wa kimo cha kawaida, nikafurahi, kisha nikaona hawana majina wala maneno, wamefungiwa kama wanyama. Wrath of the Titans ya 2012 angalau ina Kronos halisi, ila amekuwa mlima wa moto unaotembea. Na vijana wa katuni za Kijapani wana Attack on Titan, ambayo kwa Kijapani inasema kyojin, yaani majitu. Neno Titan limetiwa na jina la Kiingereza la katuni hiyo.

Mkemia Klaproth alielewa vizuri kuliko wote hao. Mwaka 1795 alipoipa metali mpya jina la titani, aliwafikiria Watitani kama wana wa kwanza wa Ardhi. Aliangalia uzazi. Na ni metali nyepesi.

Yule mtafsiri nilimwona tena juzi akinywa kahawa. Nikamwambia, kijana, kazi yako naipenda, ila nge mwite nge, na Kraken mwite Kraken. Mtitani ni Kronos, baba yake Zeus. Akanitazama kidogo. "Kumbe anapigana na mzee wake?" Nikasema ndiyo. Akaagiza kikombe cha pili, akaniuliza mama yao alikuwa upande gani.