Je, wajua kwa nini tamthilia ya César ilianzia sinema?

Ukitaja Marius, Fanny na César, visa vitatu vya mwandishi Mfaransa Marcel Pagnol vinavyozunguka baa moja ya Bandari ya Kale ya Marseille, wengi watakwambia ni tamthilia tatu zilizokuja kugeuzwa filamu. Kwa mbili ni sawa. Marius ilichezwa Paris mwaka 1929 ikawa filamu mwaka 1931. Fanny ilipanda jukwaani 1931, filamu yake ikatoka 1932. César ndiyo inayovuruga hesabu: ilitoka kama filamu mwaka 1936, jukwaani ikafika 1946. Wala si ajali, maana Manon des sources nayo ilikuwa filamu mwaka 1952, ndipo miaka ya 1960 Pagnol akaiandika upya kama riwaya. Huyu bwana, aliyewahi kuwa mwalimu wa Kiingereza, alizoea kwenda kinyumenyume.

Chanzo ni sauti. Pagnol alitazama filamu ya kuongea mjini London, akarudi Ufaransa akitangaza kwamba waandishi wa tamthilia wamepata chombo kipya. Watu wa sinema bubu, René Clair akiwemo, hawakupendezwa.

Hoja ya Pagnol ilikuwa hii. Jukwaani, maneno lazima yamfikie aliyekaa kiti cha nyuma kabisa, kwa hiyo hata siri hutamkwa kwa sauti ya mpiga debe. Filamuni kinasa sauti kiko karibu na mdomo na kamera iko karibu na uso, hivyo kila mtazamaji amekaa mstari wa mbele. Chukua mchezo wa karata katika Marius. César, aliyechezwa na Raimu, anataka mwenzake ajue kuwa mpinzani wao Panisse anakata kopa, karata zenye alama ya moyo. Anaanza kulalama kwamba Panisse anampasua moyo, huku akimtolea mwenzake macho. Mwenzake haelewi kitu. César anarudia, macho yakizidi kutoka. Kichekesho chote kimo usoni.

Inasimuliwa kwamba Pagnol alipenda kukaa ndani ya gari la kunasia sauti wakati wa kupiga picha: mazungumzo yakimridhisha, tukio limepita. Huenda kuna chumvi hapo, ingawa filamu zake zenyewe haziipingi hadithi hiyo.

César ilipofika jukwaani Desemba 1946, Pagnol alikuwa ameshachaguliwa kuingia Académie française, taasisi ya lugha ya Kifaransa, mtengeneza filamu wa kwanza kupata heshima hiyo. Raimu hakuwemo, alikuwa amefariki Septemba.