"Mtaalamu kasema ni halisi": nilichosema na nisichosema

Juzi tena. Nimetumiwa video ya sekunde 14, mwanga mweupe unaopwitapwita kwenye anga la usiku, na swali lilelile: "Mtaalamu, hii imechezewa?" Nikaifungua, nikapita fremu moja baada ya nyingine, nikaangalia chengachenga za sensa ya kamera zilivyotawanyika, nikajibu kwa uaminifu kwamba sioni dalili ya kuchezewa. Kufikia jioni jibu langu lilikuwa linazunguka kwenye makundi ya simu likiwa na sura nyingine kabisa: mtaalamu wa video athibitisha chombo cha anga za mbali.

Sikusema hivyo, na sijawahi kusema hivyo. Video kuwa halisi maana yake mwanga uliingia kwenye lenzi, faili likaandikwa, na hakuna mkono uliopita juu yake baadaye. Inaishia hapo. Mwanga ulitoka wapi, ulikuwa mbali kiasi gani, una umbo gani, unakwenda kasi gani, hayo ni maswali mengine manne, na faili safi kabisa linaweza lisijibu hata moja. Video nyingi za UFO, yaani vitu visivyotambulika angani, zinazonifikia ni halisi. Wadanganyifu wapo, lakini ni wachache kuliko watu wanavyodhani, na kwangu hao ndio kazi rahisi.

Mkanganyiko huu una historia yake. Mwaka 2021 ilivuja video ya jeshi la majini la Marekani, iliyopigwa 2019 nje ya pwani ya California kwa kifaa cha kuonea usiku: pembetatu za kijani zinawakawaka juu ya meli. Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ikathibitisha kwamba imepigwa na wanajeshi wake. Watu wakashangilia, kana kwamba kuthibitisha aliyeshika kamera ni kuthibitisha kilichokuwa mbele yake. Mei 2022 Scott Bray, naibu mkurugenzi wa intelijensia ya jeshi hilo, akaliambia Bunge la Marekani kwamba pembetatu zimetokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea usiku kisha ukarekodiwa na kamera. Tundu la lenzi likiwa na pembe tatu, kila nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi inachukua umbo la tundu hilo. Hata nyota zilizokuwa kwenye video hiyohiyo zilikuwa pembetatu! Yeyote angeweza kuziona, lakini macho yalikuwa kwenye ile iliyowaka zaidi.

Naomba tuelewane hapa. Nimeeleza umbo tu. Kilichokuwa kinawaka kilikuwa nini? Bray alisema droni. Wapo wachambuzi makini wanaosema ule mwako unafanana na taa za ndege ya abiria. Mimi sijaamua, na kutoamua kwangu hakuirudishii ile pembetatu uhai.

Sasa kasi, kwa sababu hapa ndipo uvumilivu wangu unapokwisha. "Angalia inavyokimbia, hakuna ndege inayoweza hivyo." Umeijuaje kasi? Video haipimi kasi, inapima pembe: kitu kimehama digrii ngapi kwa sekunde ngapi. Nzi mbele ya pua yako na ndege iliyo kilomita 10 wanaweza kukata fremu kwa muda uleule. Bila umbali huna kasi wala ukubwa, una hisia.

Mfano mzuri ni video ya GOFAST, iliyopigwa na ndege ya kivita ya Marekani, F/A-18, mwaka 2015. Doa jeupe linateleza juu ya bahari kwa mwendo wa kutisha, na marubani wanasikika wakishangaa. Bahati nzuri kioo cha kamera hiyo kinaonyesha namba, na tangu video itoke hadharani namba hizo ziko wazi kwa kila mtu. Ndege iko futi 25,000, yaani kama mita 7,600. Kamera inatazama chini kwa digrii 26. Umbali hadi kwenye kitu ni maili za baharini 4.4, karibu mita 8,150. Zidisha 8,150 kwa saini (sine) ya digrii 26, ambayo ni 0.44, upate karibu mita 3,600. Kitu kiko mita 3,600 chini ya ndege. Ondoa kwenye 7,600: kiko mita 4,000 hewani. Hakiko karibu na maji hata kidogo.

Kwa hiyo ile bahari inayokimbia nyuma yake ni mwendo wa ndege yenyewe. Ukiwa ndani ya basi, tazama mti wa kando ya barabara na mlima ulio nyuma yake. Mti unaupita mlima mbio, na mti umepandwa. Jopo la NASA, shirika la anga la Marekani, lililotoa ripoti yake 2023 lilikokotoa mwendo wa kitu hicho kuwa kama maili 40 kwa saa, kilomita 64. Upepo wa kimo hicho unafikia mwendo huo bila shida. Nimeifanya hesabu hii mbele ya watu mara nyingi, na bado kuna anayeniuliza serikali imenilipa nini. Hesabu ni ya shule ya sekondari. Chukua kikokotoo uifanye mwenyewe.

Kisha kuna swali la ubovu wa picha: mbona kila mtu ana kamera mfukoni, na video bado ni ukungu? Simu ya kawaida, kabla hujavuta picha, inaona upana wa takriban digrii 70. Video ya pikseli 1920 inakupa pikseli kama 27 kwa digrii. Mwezi una upana wa nusu digrii, kwa hiyo unapata pikseli 13 au 14. Ndege ya abiria yenye mabawa ya mita 36, ikiwa kilomita 10 kutoka ulipo, inapata pikseli 5 au 6. Droni ya sentimita 35 kwa umbali wa kilomita moja ni nusu pikseli. Halafu simu inalibana faili kwa vipande vyenye pikseli 16 kwa 16, na ndege yako nzima inaingia ndani ya kipande kimoja. Ukilituma WhatsApp linabanwa tena. Ukilivuta kwa vidole unatanua pikseli zilezile 5, na programu za simu za sasa zinanoa kingo ambazo hazikuwepo. Ule "muundo wa chuma" unaoniletea umechorewa hapo.

Ila sababu kubwa zaidi ya ubovu ni mchujo. Video ikiwa safi, tunaona mabawa, tunasema ndege, na hakuna anayeisambaza. Puto likionekana kamba yake halifiki kwangu. Kinachobaki kwenye fungu la visivyotambulika ni kile kilichokuwa mbali mno, kidogo mno, au gizani mno kwa uwezo wa kamera. Kamera zikiboreka mpaka huo unasogea mbele, na fungu linajaa upya. Wanaosema serikali zinaficha zilizo safi na wanaosema ubovu ni dalili ya uongo wananikera sawasawa, kwa kuwa hakuna upande unaotazama ungo uliochuja hizo video. Ripoti ya intelijensia ya Marekani ya Juni 2021 ilikuwa na taarifa 144, na moja tu ilielezwa kwa uhakika: puto kubwa lililokuwa linaishiwa hewa. Zilizobaki 143 zilitangazwa kila mahali kama miujiza, wakati ripoti yenyewe inalalamikia uchache wa data nzuri.

Mchujo huo unanibana na mimi. Kama siku moja kitu kigeni kweli kitapita na kurekodiwa kwa pikseli 5, mbinu zangu zitakiweka kwenye fungu lilelile na puto. Siwezi kukanusha hilo. GIMBAL, video nyingine ya ndege ya kivita ya Marekani, ya 2015, ambayo kitu kinaonekana kujizungusha, naamini ni mng'ao wa joto unaozunguka kwa sababu mitambo ya kamera inazunguka. Lakini waliokuwepo wanasema rada iliona zaidi, na data ya rada haiko hadharani, kwa hiyo sijafunga faili. Na kamanda David Fravor, rubani wa jeshi la majini la Marekani, alieleza alichokiona kwa macho yake mwaka 2004. Video ya tukio hilo ilipigwa baadaye na ndege nyingine. Nikiieleza video, ushuhuda wake sijaugusa, na wenzangu wanaodai wameumaliza wanaharakisha.

Kitu cha ajabu kikitokea kweli, ushahidi wake una sura gani? Februari 15, 2013, kimondo cha kama mita 20 kililipuka juu ya Chelyabinsk, Urusi, bila taarifa yoyote. Kamera za magari na za majengo, za watu wasiofahamiana, zilikinasa kutoka pande nyingi. Wanasayansi wakapima vivuli na pembe, wakapata njia kilikopitia na mzingo wake kulizunguka jua. Nyingi za video hizo ni mbovu. Zilitosha kwa sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa na nguzo au jengo la kupimia.

Nikarudi kwa aliyenitumia zile sekunde 14, nikamwomba faili la kwanza kabisa kutoka kwenye simu yake. Lilikuwa na sekunde 51. Alikata 37 za mwanzo, akasema hazina kitu. Ndani yake kulikuwa na ukingo wa paa, upande wa magharibi, saa ya faili, na nukta ndogo iliyotulia tuli kabla hajaivuta na fokasi haijaanza kuhangaika. Nikalinganisha na ramani ya anga ya jioni hiyo: sayari ya Zuhura. Akaniuliza, bila ubishi, kwa nini basi ilikuwa inapwita. Nikamwambia kesho asimame palepale, saa ileile, aivute hadi mwisho. Amenitumia sekunde 20 nyingine, zinapwita vilevile.