Kostiki soda haifai kila kipuri

Katika gereji nyingi husemwa kwamba kostiki soda, ile kemikali kali ya kutengenezea sabuni, husafisha kipuri chochote chenye grisi, na kikilala humo usiku kucha ndipo hutakata zaidi. Kwa chuma, sawa. Kwa alumini, yaani kabureta, pistoni na silinda hedi nyingi za siku hizi, hapana: soda hula metali yenyewe. Mapovu yale si uchafu unaotoka. Ni haidrojeni, gesi inayoshika moto. Kipuri hutoka cheusi, na uso wa kukalia gasketi, yaani kizibo cha kuzuia uvujaji kati ya vipuri viwili, umechimbika. Alumini ikwanguliwe kwa kijiti cha plastiki, kisha ilowekwe kwenye sabuni ya grisi isiyodhuru alumini, maji yakiwa nyuzi 50 hivi. Chuma kikitoka kwenye soda, kisuuze, kikaushe, kipake oili papo hapo, kutu haisubiri. Na soda hutiwa kwenye maji baridi, kamwe si maji kwenye soda, maana huchemka na kuruka usoni.