Athens ya Georgia si Jumamosi ya mpira peke yake

Oktoba iliyopita nilimpokea mzee mmoja wa Arusha aliyekuja kumtembelea binti yake, mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Athens, jimboni Georgia. Nilimwamkia, tukapeana habari za nyumbani, kisha akaniambia kwa masikitiko kwamba amefika siku mbaya, kwa kuwa ilikuwa Jumanne na mchezo wa mpira wa Kimarekani wa timu ya chuo ulikuwa umekwisha Jumamosi, na binti yake alikwisha kumwambia kwamba mji huu nje ya mpira hauna cha kutazama. Nilimjibu, "Mzee wangu, umefika siku njema kuliko zote." Nilimaanisha hivyo, ila sauti yangu ilikuwa kali kuliko nilivyotaka, kwa sababu kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno katika miaka yangu ya kuwatembeza wageni kwa miguu mjini hapa. Wazazi huisema, wanafunzi huisema, na watu wa Atlanta, ambao wako umbali wa kilomita mia moja na ushei tu, huisema kwa uhakika kuliko wote.

Nianze na mpira wenyewe, maana sitaki kudhaniwa kwamba naudharau. Uwanja wa Sanford ulifunguliwa tarehe 12 Oktoba 1929, timu ya Chuo Kikuu cha Georgia ikaifunga ile ya Chuo Kikuu cha Yale 15 kwa 0, na tangu wakati huo vichaka vilivyokatwa sawasawa kuuzunguka uwanja vimekuwa alama inayotambulika nchi nzima. Leo unachukua watu zaidi ya 92,000 katika mji ambao sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi wapatao 127,000. Mtu akizisoma tarakimu hizo pamoja ataelewa kwa nini siku ya mchezo mimi sipokei mgeni hata mmoja: barabara hufungwa, vyumba vya hoteli huwa vimeshikwa miezi mingi kabla, na njia zote za katikati ya mji hujaa watu waliovaa nyekundu na nyeusi ambao hawana haja ya kusikia habari za mwaka 1890. Michezo ya nyumbani ni sita au saba kwa mwaka. Anayekuambia kwamba mji huu ni Jumamosi hizo anakuambia kwamba wiki zaidi ya arobaini za mwaka hazina maana. Ukitaka kuuona uwanja, simama Jumanne kwenye daraja la Sanford Drive. Utauona wote ulivyo kutoka juu, bila tiketi na bila msukumano.

Wanaosema kwamba mji ni mtoto wa chuo wana haki kwa upande mmoja. Hati ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Georgia ilitolewa tarehe 27 Januari 1785, wakati kilima hiki kilikuwa msitu, na masomo hayakuanza hadi mwaka 1801, John Milledge aliponunua ardhi hapa na kuitoa kwa chuo. Majirani wa North Carolina hujibu kwamba chuo chao cha Chapel Hill kilipokea wanafunzi mwaka 1795, na kwa hiyo ndicho chuo kikuu cha kwanza cha umma nchini. Pande zote mbili husema kweli, kila mmoja kwa kipimo chake, nami huwaacha wageni wachague. Ugomvi wangu na hoja ya mtoto na mzazi ni kwamba inawaficha waliomlea mtoto huyo.

Pita upesi kwenye Tao, lango la chuma la chuo lenye nguzo tatu za hekima, haki na kiasi, ambalo wanafunzi hawalipiti katikati kabla ya mahafali kwa kuogopa kwamba hawatahitimu. Kila mgeni hupigwa picha hapo, nami sina la kuongeza. Lakini usigeuze mgongo, kwa sababu jengo lililo mbele yako, upande wa kulia, lina majina ya Hamilton Holmes na Charlayne Hunter, wanafunzi weusi wa kwanza wa chuo hiki, waliojiandikisha tarehe 9 Januari 1961 kwa amri ya mahakama. Siku mbili baadaye umati ulirusha mawe na matofali kwenye bweni alilolala Hunter, na chuo kikawaondoa wote wawili kwa madai ya usalama wao, mpaka mahakama ikaamuru warudishwe. Holmes akawa daktari bingwa wa mifupa, Hunter akawa mwandishi wa habari mashuhuri. Wa kwanza kuhitimu, hata hivyo, alikuwa Mary Frances Early, aliyepata shahada yake mwaka 1962, na kwa miaka mingi jina lake halikutajwa kabisa na waongozaji wa mji huu, nami nikiwa mmoja wao katika miaka yangu ya mwanzo.

Kutoka hapo huwapeleka wageni Jumba la Baldwin. Novemba 2015, mafundi waliokuwa wakipanua jengo hilo walifukua mabaki ya watu, na kazi ya kuyatoa ilipokamilika yalihesabiwa makaburi 105. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba wengi wa waliopimika walikuwa na asili ya Afrika kwa upande wa mama, na hilo halikumshangaza mwenyeji yeyote mweusi, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa makaburi ya zamani ya mji katika zama za utumwa. Mabaki yalizikwa upya mwaka 2017 katika makaburi ya Oconee Hill, na mbele ya jengo kuna kumbukumbu ya mawe. Wageni hukaa kimya hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika matembezi yangu.

Sasa shuka hadi makutano ya barabara za Washington na Hull, panapoitwa Hot Corner. Hapa palikuwa kitovu cha biashara za watu weusi, na jengo la matofali linalosimama kwenye kona lilijengwa mwaka 1910 na Monroe Bowers Morton, aliyejulikana kama Pink Morton. Juu aliweka ukumbi wa maonyesho, na vyumba vingine vilikuwa vya madaktari, mfamasia na wataalamu wengine. Humo ndimo Ida Mae Hiram, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa leseni ya udaktari wa meno katika Georgia, alikuwa na ofisi yake. Duke Ellington na Cab Calloway walipiga muziki katika ukumbi huo. Ukumbi ulifungwa kwa miongo kadhaa, ukakarabatiwa, ukafunguliwa tena mwaka 1993, na mpaka leo unaweza kununua tiketi na kukaa kwenye roshani yake.

Naulizwa kila mara kuhusu muziki, na wanaouliza humaanisha R.E.M., bendi iliyopiga kwa mara ya kwanza tarehe 5 Aprili 1980 katika kanisa la zamani kwenye Barabara ya Oconee, ambalo limebaki mnara wake tu. Nenda ukauone mnara, nao una haki ya kuonwa. Kisha nenda 40 Watt, klabu iliyopewa jina la balbu moja ya wati arobaini iliyokuwa ikiangaza chumba chake cha kwanza. Kinachoniudhi ni kwamba mgeni husimama mlangoni pa 40 Watt, akipiga picha kwa shauku, huku ukumbi wa Morton uko hatua chache tu katika barabara hiyohiyo ya Washington, naye hataki hata kugeuza shingo. Vitabu vya watalii huanza historia ya muziki wa Athens mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa vijana wa chuo, kana kwamba kabla yao barabara hii ilikuwa kimya.

Lakini lililo zito kwangu liko kwenye Barabara ya Finley, na naomba uvumilivu hapa. Kwenye kona ya Finley na Dearing kuna mwaloni mweupe uliozungushiwa nguzo na minyororo, unaoitwa Mti Unaojimiliki. Jiwe lililo chini yake linasema kwamba Kanali William H. Jackson, kwa mapenzi makubwa aliyokuwa nayo kwa mti huo, aliupa umiliki wa nafsi yake pamoja na ardhi yote iliyo ndani ya futi nane kuuzunguka. Mti wa awali ulianguka tarehe 9 Oktoba 1942, na huu wa sasa, uliooteshwa kutokana na mbegu ya ule wa kwanza, ulipandwa mwaka 1946, kwa hiyo watu husema kwamba mtoto amerithi mali ya mzazi. Wageni huupenda. Mimi kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama ilivyoandikwa kwenye jiwe, na leo sina amani nayo. Simulizi yake ya kwanza inayojulikana ilichapishwa gazetini mwaka 1890, miongo mingi baada ya tukio linalodaiwa, hati yenyewe haijawahi kuonyeshwa, na kwa sheria mti hauwezi kupokea hati ya ardhi. Mti umelindwa kwa sababu majirani na serikali ya mji wamekubaliana kuuheshimu, basi.

Sasa teremka barabara hiyohiyo kwa dakika chache. Kulikuwa na mtaa huko chini, Linnentown, uliokaa kwenye Finley Kusini, Peabody na Lyndon Row, wenye familia zipatazo hamsini za watu weusi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zimenunua nyumba zao na kuwa na hati halali mkononi. Katika miaka ya 1960 mji na chuo, kwa fedha za serikali kuu zilizotengwa kwa ajili ya kile kilichoitwa kuhuisha miji, walizitwaa nyumba hizo na kuzibomoa ili yajengwe mabweni. Mabweni hayo, Brumby, Russell na Creswell, ndiyo yanayolaza maelfu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza hadi leo. Februari 2021 serikali ya mji ilipitisha azimio la kuomba radhi rasmi.

Ni vigumu kwangu kusimama kwenye mwaloni nikizungumzia hati ambayo hakuna aliyeiona na ambayo kila mtu anaiheshimu, huku nikijua kwamba chini ya kilima hicho hati zilizosainiwa na kuandikishwa hazikumlinda mtu. Hata hivyo nakiri kwamba bado sijajua namna bora ya kuwapeleka wageni Linnentown. Hakuna nyumba ya kuwaonyesha. Kuna mabweni marefu, maegesho ya magari na wanafunzi wanaopita na mifuko ya nguo za kufua. Mara nyingine nahisi kwamba ninamlazimisha mgeni aone kitu ambacho hakipo, na mara nyingine naona kwamba kutokuwepo kwake ndiko kunakopaswa kuonwa. Mzee wa Arusha alitazama juu, akahesabu ghorofa za jengo moja kwa kidole, kisha akaniuliza kama binti yake aliwahi kulala humo. Nilimwambia hapana, maana wa uzamili hawakai hapo. Akasema, "Lakini angeweza," na hatukuzungumza tena mpaka tulipofika kwenye gari.

Kuhusu chakula nitasema machache, kwa kuwa wageni wa nyumbani huogopa bila sababu. Bamia ni bamia, kunde ni kunde, na vyote viwili vilivuka bahari kutoka Afrika. Yale majani mapana yanayopikwa kwa muda mrefu na nyama ya moshi ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki. Na zile chenga za mahindi meupe zinazoliwa asubuhi utazielewa mara moja ukizifikiria kama uji mzito wenye chumvi na siagi. Waislamu waulize kwanza, kwa sababu mboga nyingi za Kusini hupikwa na nyama ya nguruwe bila menyu kusema.

Bustani ya mimea ya jimbo, yenye ekari zaidi ya 300 kando ya mto Oconee wa Kati, inataka nusu siku na viatu vya kutembelea; Aprili ni bora, na Julai ni jasho tupu. Jumba la Sanaa la Georgia halitozi kiingilio.

Ukiwa na saa moja tu iliyobaki, usiipoteze madukani. Nenda mashariki ya mji, Barabara ya Nne, kwenye makaburi ya Gospel Pilgrim. Yalianzishwa mwaka 1882 na chama cha kuzikana, cha aina ileile ambayo msomaji wa Tanga au Mombasa anaifahamu vyema: watu wasio na kitu walichanga kidogokidogo ili kila mmoja azikwe kwa heshima. Humo amelala Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani karibu na hapa mwaka 1837, na aliyeshona mifarishi, miwili iliyobaki ikiwa na picha za visa vya Biblia na matukio ya mbinguni, ikiwemo mvua ya vimondo ya mwaka 1833 ambayo aliisikia kwa wakubwa wake. Mmoja kati ya hiyo miwili aliuonyesha kwenye maonyesho ya pamba hapa Athens mwaka 1886. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, Powers akakataa. Baadaye hali ilipokuwa ngumu aliomba dola kumi akapewa tano, na baada ya kuuza alirudi mara kadhaa kwa mnunuzi ili auone tena. Huo sasa uko katika jumba la makumbusho la Smithsonian, jijini Washington, mwingine uko Jumba la Sanaa la Boston. Athens haina hata mmoja. Wataalamu wengi huunganisha ushonaji wake na vitambaa vya kubandika vya Dahomey, Benin ya leo, nami nimewahi kulisema hilo kwa kujiamini. Siku hizi nasema kwamba mfanano unaonekana kwa macho, lakini katika maelezo yake yaliyohifadhiwa anazungumzia Biblia na anga, hataji Afrika.

Jiwe la kaburi lake liligunduliwa mwaka 2005 likiwa limefunikwa na vichaka, na ndilo lililoonyesha kwamba alifariki tarehe 1 Januari 1910, si mwaka 1911 kama ilivyokuwa ikiandikwa. Vaa suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu, kwa kuwa miti na majani hurudi haraka kuliko watu wa kujitolea wanavyoweza kuvikata. Nenda Jumanne, asubuhi, kabla jua halijawa kali.