Gapi jike hazai bila dume

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wafuga samaki: eti gapi jike (gapi ni samaki mdogo wa mapambo wa kufugwa kwenye tangi) akikaa peke yake hujitungisha mimba mwenyewe. Si kweli, na tafadhali usiusambaze tena. Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa. Akipandwa mara moja anaweza kuzaa tena na tena, kila baada ya wiki nne hivi. Ndipo watu wanapochanganyikiwa: wamemnunua peke yake, kumbe ametoka kwenye tangi lililojaa madume. Lile doa jeusi tumboni, karibu na mkia, nalo lisikudanganye, hata asiye na mimba huwa nalo. Ukitaka kuhakikisha, mtenge jike akingali mchanga, kabla hajatimiza wiki tatu. Atakua, atanenepa, lakini vifaranga hutaviona.