Hapana papa, siuzi kaye: kazi ya bibliyoteke vile iko kweli

Juzi nilikuwa kwa kilio kule Katuba, hapa Lubumbashi, tumekaa kwa viti vya plastiki chini ya bashi, papa mmoja pembeni yangu akaniuliza, "We mama, unatumikaka wapi?" Nikamwambia niko kwa bibliyoteke (maktaba), kule univerisite. Akachangamka. "Ah, librairie! Basi vizuri, shule inaanza, utanitafutia kaye kumi na mbili na biki za watoto, bei ya mutu wa nyumbani." Nikamwambia hapana papa, siuzi daftari wala kalamu, librairie ni duka, sisi tunaazimisha watu vitabu. Akanyamaza, akafikiri kidogo, halafu: "Sasa wanakulipaka juu ya nini?"

Kulikuwa watu wanalia, sikuweza kumujibu vizuri. Basi najibu hapa.

Kwanza mujue hakuna mtoto wa Lubumbashi anayelala usiku akiota kuwa bibliyotekeri. Daktari, avoka, enjeniere wa mines, mchezaji wa Mazembe, hao ndiyo. Mimi nilisoma historia, nilitaka kuwa asista (mwalimu msaidizi wa univerisite), nafasi ikakosekana, wakaniambia kuko nafasi kwa bibliyoteke "ya kungojea". Miaka 14 sasa, ningali nangojea. Na wenzangu ni vilevile, hakuna aliyekuja kwa njia iliyonyooka. Mmoja alikuwa daktilo, alipigia wanafunzi memwari (kazi zao za kumaliza masomo) kwa mashini miaka na miaka mpaka akawa amesoma memwari mingi kuliko maprofesa wenyewe, mwingine alifundisha katekisimu, mwingine aligombana na mkubwa wake kwa biro nyingine na akaletwa kwetu kama adhabu, maana watu wanafikiriaka bibliyoteke ni stoo ya kuwekea mutu ambaye hutaki kumuona tena. Yule wa adhabu, baada ya miaka miwili walitaka kumurudisha kule alikotoka. Alikataa.

Si sisi tu. Kuko Mhindi mmoja, S. R. Ranganathan, kila aliyesoma hii kazi anamujua. Alikuwa mwalimu wa hesabu kule Madras, mwaka 1924 wakamuchukua awe bibliyotekeri wa univerisite ya pale, na siku za kwanza ukimya ulimushinda mpaka akaenda kuomba arudi kwa darasa lake. Wakamwambia nenda kwanza London ukasomee hii kazi, ukirudi na bado huipendi tutaongea. Akaenda, akarudi, hakuomba tena darasa. Mwaka 1931 akatoa kanuni tano ambazo tunazitumia mpaka leo, ya kwanza inasema tu vitabu ni vya kutumiwa (cheka, lakini naijua bibliyoteke moja yenye kabati nzuri za kioo na funguo iko kwa mutu ambaye hajaonekana tangu Januari). Mimi yangu ni ya nne: usimupotezee msomaji wakati wake. Kazi yote iko mule.

Chukua mwanafunzi anaingia saa nne asubuhi, jasho, kikaratasi mkononi. "Mama, minatafuta kitabu ya mines."

Nikimuonyesha tu etajeri (rafu) ya 622, nambari ya kuchimba madini, nimeshamupoteza. Pale kuko namna ya kupasua mwamba, kutegemeza shimo, kuingiza hewa chini. Atakaa mule siku mzima, aone aibu kurudi kuniuliza, aende zake. Kwa hiyo naulizaka polepole, bila kumufanya asikie kama yuko kwa polisi. Ya mines, ya kufanya nini? Ya TFC, ile kazi ya kumaliza masomo. TFC inasema juu ya nini? Juu ya makampuni. Makampuni namna gani, kuajiri watu, kuharibu mito, kulipa serikali? "Njo ile mama, kulipa serikali." Sasa tunaanza kufika. Kumbe anataka redevansi, ile sehemu kampuni inalipa juu ya madini inayotoa. Dakika tano za maswali, na kitabu alichokuja kuomba sicho alichokuwa anahitaji hata kidogo. Watu wachache sana wanauliza kitu wanachotaka kweli. Wanauliza kitu wanachofikiri bibliyoteke iko nacho.

Halafu hapo kuko mtego. Kwa etajeri ya sheria tuko na Code minier (sheria ya madini) ya 2002, nzuri, nene, imeshonwa vizuri, wanafunzi wanaipenda. Lakini ile sheria ilibadilishwa na sheria nambari 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018. Kwa ile ya zamani redevansi ya shaba na kobalti ilikuwa asilimia 2, kwa mpya shaba ikapanda mpaka 3,5, na kobalti, baada ya dekre (amri ya serikali) ya Novemba mwaka uleule kuiweka kati ya madini ya kistratejiki, ikaruka mpaka 10. Kijana akichukua ile kubwa nzuri, anakopi kwa uaminifu kabisa, anaweka nambari ya ukurasa, kila kitu, na kazi yake inakuwa ya uongo. Kitabu hakikumudanganya, kimezeeka tu. Sasa mimi nikiitupa, mwenzake wa historia anayetaka kujua makampuni yalilipa nini mwaka 2010 ataikosa. Kwa hiyo nimebandika karatasi ndani ya jalada: hii ni ya 2002, angalia pia ya 2018, iko kwa boksi ya kijani. Karatasi ile imesaidia watu kuliko semina nyingi nilizokaa.

Kutoa vitabu vilivyokufa, kwa Kifaransa cha kazi tunaita kupalilia, sawa tu kupalilia mahindi, na niamini inauma. Watu wanafikiri bibliyoteke maskini inapokea kila kitu. Tunapokea makartoni kutoka Ulaya, mutu ameondoa vitu kwa gereji yake akasema hii nitapea Afrika, unafungua unakuta vitabu vya sheria za Ubelgiji za mwaka wa zamani, kitabu cha ordinatere (kompyuta) ambazo hata kwa soko ya mitumba hazipatikani tena, riwaya tatu kwa Kiholanzi. Kukataa zawadi ni sehemu ya kazi na hakuna shule inakufundisha namna ya kuikataa bila kumukasirisha padri aliyeileta.

Tuje kwa kitu ninachokipenda kuliko vyote, ambacho watu wanaona ni cha kuchosha: kataloge. Kwetu tunafuata CDU, mpango wa kupanga vitabu kwa nambari ambao Wabelgiji wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, waliutengeneza wakianzia kwa ule wa Mmarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876. Hawa wawili mwaka 1895 walianza kule Bruxelles kukusanya fishi (kadi ndogo, kila kitabu na yake) za vitabu vyote vya dunia, walifika fishi zaidi ya milioni 12, na watu waliwaandikia barua wakiuliza swali, wanajibiwa kwa kulipa. Intaneti ya karatasi. Ndani ya CDU 34 ni sheria, 622 ni kuchimba madini, 669 ni kuyeyusha metali, Kongo yetu ni (675) ndani ya mabano, na nambari 4 ni tupu, hakuna kitu, lugha zilitolewa pale zikapelekwa kwa 8 na mpaka leo hawajaamua nani ataingia mule nyumbani. Stajieri wote (wale wanaokuja kujifunza kazi) wanakuja kuniuliza kama 4 imeibiwa.

Lakini nambari ni rahisi. Ngumu ni majina, na kwetu huku majina ni mateso. Mutu anataka vitabu juu ya huu mji. Mpaka 1966 mji unaitwa Élisabethville, kisha Lubumbashi. Provensi ni Katanga, halafu tangu 1971 mpaka 1997 ni Shaba, halafu Katanga tena, halafu tangu 2015 Haut-Katanga. Inchi yenyewe ilikuwa Congo belge, ikawa Kongo, ikawa Zaire, ikawa Kongo. Ukiandika "Lubumbashi" peke yake kwa mashini unapata nusu ya kilichoko, nusu nyingine imelala chini ya jina ambalo mtoto wa miaka 20 hajawahi kulitumia. Mutu wa kuunganisha haya majina, huyu akuonyeshe yule, ni sisi. Na si miji tu, watu pia! Mwaka 1972 Mobutu aliondoa majina ya Kikristo, basi mwandishi mmoja anakuwa na majina mawili kwa majalada yake. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi wakati ilikuwa bado Jadotville, ni Valentin-Yves huku na Vumbi Yoka kule, na kwa bahati, yote mawili ni V. Y. Alituachia bibliyoteke yake kwa Univerisite ya Lubumbashi kabla ya kufa 2025, na mimi kila nikipita pale nafikiria aliyekaa akaandika zile fishi.

Mfano mwingine, huu nauweka kila mwaka kwa mtihani wa stajieri. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa jina la watu waliowatumikia wazungu nyumbani, maboi wa zamani, historia ya huu mji vile wao waliiona. Inaitwa Vocabulaire de la ville d'Élisabethville. Stajieri anasoma "Vocabulaire", anaandika: kamusi, weka kwa lugha. Na pale kwa lugha itakufa, maana anayetafuta historia ya mji hataenda kule, na anayetafuta kamusi ataifungua, ataona si kamusi, ataifunga. Fungua kitabu, namwambia stajieri, soma kurasa tano, jalada linadanganya sawa watu. Kitabu kikiwekwa mahali si pake ni sawa kimeungua, tena afadhali kingeungua tungejua hakiko.

Mengine yote nitayapitisha haraka. Kupangusa vumbi, wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia hata dirisha likifungwa. Mchwa wakati wa mvua, usisimamishe etajeri imegusa ukuta. Kurasa zinazochanwa na wembe juu mutu hakuwa na franka ya fotokopi, hiyo inaniumiza moyo pande zote mbili. Ordinatere tuko nazo, programu ni Koha, ilianzia Nouvelle-Zélande na ni ya bure, inatumika vizuri siku kuko umeme, na juu ya zile siku zingine fishi za karatasi hatukuzitupa. Na kudai vitabu. Wanafunzi wanarudisha, wanaogopa kunyimwa karatasi ya mwisho. Maprofesa hawarudishi. Kuko mmoja nimemuandikia barua, nimemutumia mutu, mwisho nilienda kwake nyumbani siku ya Noeli na kuku mkononi, tukala, nikatoka na vitabu vinne.

Wananiulizaka pia kama Google na hizi mashini za kujibu maswali hazitamaliza kazi yangu. Mwaka huu nimepokea wanafunzi wengi kuliko mbele wanakuja na listi ya vitabu ambavyo mashini imewapa, mwandishi, mwaka, mpaka ukurasa. Natafuta huku, natafuta kwa kataloge za Ubelgiji na Ufaransa, hakiko. Mwandishi yuko, lakini kitabu hakuwahi kukiandika. Kusema "hiki kitabu hakiko duniani" na kuwa na hakika, inachukua wakati mingi kuliko kukipata.

Sasa yule papa wa kilio. Wiki mbili nyuma nikamuona mlangoni, shati imepigwa pasi, na bahasha ndani ya plastiki. Hakuwa amekuja juu ya kaye. Jirani yake anamwambia parsele (kiwanja) si yake, juu kwa karatasi ya zamani ya marehemu baba yake avenue iko na jina ambalo hakuna mutu anayelijua tena. Nikamuuliza polepole kama namuulizaka mwanafunzi: karatasi ni ya mwaka gani, nyumba iko upande gani wa kanisa, mto uko wapi. Tukashusha karte (ramani) ya mji ya wakati wa Wabelgiji, imechanika kwa makunjo, tukaitandika kwa meza, pembeni yake ile ya miaka ya 1970. Tukafuata kwa kidole. Avenue ileile, pembe ileile, majina mawili. Papa akakaa chini. Akatoa telefone, akapiga picha ya ile ya zamani, ya ile mpya, halafu ya zote mbili pamoja na kidole chake kikionyesha.

Nikamuandikia kwa karatasi jina la kila karte, mwaka na nambari yake kwetu, juu kule kwa biro ya ardhi watamuuliza umetoa wapi. Akaikunja, akaiweka ndani ya bahasha, akanishukuru sana, akafika mlangoni, akageuka.

"Na biki, mama?"

Nikamupa yangu.