Intaneti ikifika kijijini, je, kila mtoto anasoma?

Wengi hudhani mtandao ukishafika, kila mwanafunzi anaweza kusoma akiwa nyumbani. Kenya ilishajionea. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, serikali iliidhinisha maputo ya Loon, kampuni dada ya Google, na kuanzia Julai yakawa yanarusha intaneti ya 4G kutoka angani. Vizuri, lakini mwenye mulika mwizi, yaani kasimu kadogo kasiko na intaneti ya 4G, hakufaidi kitu: ilihitajika simu ya 4G, laini ya Telkom, bando na chaji. Tena simu yenyewe mara nyingi ni ya baba, na baba anaondoka nayo alfajiri. Kwa maoni yangu, vipindi vya masomo vya KICD, taasisi ya serikali ya mitaala, kwenye redio ya taifa ya KBC, visivyokula bando, vilistahili sifa zaidi. Maputo? Januari 2021 ikatangazwa kwamba mradi unafungwa.